Paka na Maua Nyumba Moja: Yapi Yabaki, Yapi Yatoke

Maswali ya wasomaji kuhusu paka na mimea ya ndani yanafanana mno. "Paka wangu ametafuna jani la ua la sebuleni, sasa anachuruzika mate, nimpe nini?" "Nahamia ghorofani na paka, nigawe mimea yote?" "Muuza maua kaniambia hili halina neno, nimwamini?" Tuyajibu yote kwa mpigo mmoja.

Jibu fupi ni kwamba huhitaji kuchagua kati ya paka na maua. Unahitaji kujua jina la kila mmea ulio nao, kisha uigawe mimea yako mafungu matatu: inayotoka leo, inayobaki kwa masharti, na isiyo na neno. Mwenye vyungu 30 anavyovijua majina ana amani kuliko mwenye chungu kimoja asichokijua. Na siku paka akitafuna, jina hilohilo ndilo litakaloamua kama unakwenda kwa daktari usiku huu au unamwangalia nyumbani hadi asubuhi.

## Anza na majina

Kazi hii ni ya jioni moja.

1. Zunguka nyumba nzima na simu mkononi. Sebule, vyumba, bafu, ngazi, varanda. Kila mmea upige picha tatu: mmea mzima, jani moja kwa karibu, na ua au tunda kama lipo.
2. Tafuta jina la kisayansi. Majina ya mitaani hayatoshi, maana jina moja hubeba mimea mitatu minne isiyo na undugu. Programu za simu za kutambua mimea zinasaidia kuanzia, ila hukosea. Thibitisha kwa mwenye kitalu anayeijua kazi yake au kwa bwana shamba.
3. Linganisha na orodha ya kuaminika. Shirika la ASPCA la Marekani linaweka mtandaoni, bila malipo, orodha ya mimea yenye sumu na isiyo na sumu kwa paka. Itafute kwa jina la kisayansi, nayo imo mingi inayouzwa kwetu.
4. Andika jina kwenye chungu. Kipande cha plasta na kalamu ya wino usiofutika vinatosha.
5. Mmea usio na jina uhesabu kuwa una sumu. Ukae nje, mbali na paka, mpaka ujulikane.

Hapa huja pingamizi la kwanza: "Mbona huu sisi tunautumia kama dawa?" Mwili wa binadamu si kipimo. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo ini letu huzimaliza bila shida. Alovera unayochanganya kwenye juisi inamharisha paka. Kitunguu unachokatia kachumbari kinaharibu chembe zake za damu. Mbwa na mbuzi nao si kipimo: kuna ua ambalo mbwa akilila huumwa tumbo tu, paka akililamba figo zinakufa. Tuanze na hilo.

## Fungu la kwanza: yatoke leo

Mimea ya fungu hili haina sharti la kuifanya ikae salama. Haipandishwi juu ya kabati wala haifungiwi chumbani. Inatoka.

Lili. Hii ndiyo ya kwanza, na kama utakumbuka jambo moja tu katika makala haya, likumbuke hili. Lili zinazoua figo za paka ziko za aina mbili. Ya kwanza ni Lilium: ua kubwa lenye ncha sita, harufu kali, vijiti vinavyochomoza katikati vikiwa na unga wa chavua wa rangi ya machungwa au kahawia. Hii hupatikana sana kwenye mashada ya harusi, misiba na kumwona mgonjwa. Ya pili ni Hemerocallis, ya bustanini, yenye majani marefu membamba yanayotoka ardhini kama nyasi, na kila ua lake hudumu siku moja tu.

Kila sehemu ina sumu: petali, jani, shina, chavua, hata maji ya chombo lilimokaa ua. Paka hahitaji kula. Chavua ikimwangukia mgongoni akajilamba, inatosha. Wauzaji wengi hukata vile vijiti vya chavua ili visichafue nguo, na wateja hudhani sumu imekwisha. Haikwisha. Jani lililobaki linaua vilevile.

Jambo linalowaponza wengi ni mwendo wa sumu yenyewe:

- Saa za mwanzo paka hutapika, hudondosha mate, hukataa chakula na kujikunyata.
- Baadaye kutapika hupungua na anaonekana nafuu. Hapo mwenye paka hupumua na kuahirisha safari ya daktari.
- Ndani ya siku moja hadi tatu figo hushindwa. Anakunywa maji sana, anakojoa sana, kisha hakojoi kabisa.

Matibabu yakianza kabla hazijapita saa 18 tangu alipokula, matumaini ni makubwa. Figo zikishasimama, matumaini hupungua sana. Waswahili husema paka ana roho saba, lakini figo anazo mbili tu.

Mtapo na ndugu zake. Mtapo wa pwani, Cycas thouarsii, na ule mfupi unaouzwa kwenye vyungu, Cycas revoluta, hufanana na mnazi mdogo wenye majani magumu yenye ncha kali. Si jamii ya mnazi. Sehemu zote zina sumu, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Huanza kwa kutapika na kuhara, kisha ini huharibika. Ukiwa na mtapo uani, okota kila mbegu inayodondoka hadi utakapoung'oa.

Mimea inayoshika moyo. Sumu yake huvuruga mapigo, na paka anaweza kufa kabla hujapata usafiri.

- Oleanda, Nerium oleander, inayopandwa sana kama ua wa nyumba. Pamoja nayo, ile ya maua ya njano yenye umbo la kengele, Thevetia peruviana.
- Adenium, ule mmea wa ukame wenye shina lililovimba chini na maua ya waridi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa jamii hii kutengeneza sumu ya mishale. Kinachomwangusha mnyama wa porini hakina mchezo na paka wa kilo nne.
- Kalanchoe, yenye majani manene na vishada vya maua madogo mekundu, ya njano au ya waridi. Huuzwa kwenye vikopo vidogo na watu huipanga dirishani jikoni, mahali paka anapopenda kuota jua.

Gloriosa superba. Huota yenyewe porini na kwenye nyua nyingi za Afrika Mashariki: mmea unaotambaa, ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimejikunja kwenda juu kama miali ya moto. Usiichume kuipeleka mezani. Mizizi yake ndiyo yenye sumu kali kuliko sehemu nyingine zote.

Mnyonyo. Mbegu zake zikitafunwa zinaua. Ukiota karibu na kibaraza, ung'oe.

## Fungu la pili: yabaki kwa masharti

Mingi ya mimea inayopendwa sebuleni imo humu. Mara chache huua, ila humtesa paka.

Jamii ya magimbi. Kila aliyewahi kula magimbi yasiyoiva anajua yanavyowasha koo. Chanzo ni fuwele ndogo zenye ncha, mfano wa sindano, zilizojaa ndani ya mmea. Mimea hii ni ndugu wa magimbi na ina sindano hizohizo:

- Epipremnum aureum, ule unaotambaa ambao wengi huuita mmea wa pesa
- Monstera, wenye majani makubwa yenye matundu
- Philodendron
- Dieffenbachia, wenye majani mapana yenye madoa meupe
- Zamioculcas zamiifolia, mzawa wa pwani yetu na Zanzibar, wenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta
- Spathiphyllum, wenye ua jeupe lenye umbo la kijiko. Wauzaji huuita lili, lakini si lili ya kweli na hauui figo

Paka akitafuna mojawapo, mdomo huwaka papo hapo: anadondosha mate, anajifuta uso kwa kucha, anakataa kula. Wengi hutulia ndani ya siku moja. Hatari huja koo likivimba akashindwa kupumua. Hapo ni daktari, mara moja.

Alovera, Dracaena na Sansevieria. Sansevieria ni ile yenye majani marefu yaliyosimama wima kama panga. Mimea hii mitatu huleta kutapika, kuhara na uchovu.

Mnyaa na jamii ya Euphorbia. Maziwa yake huunguza ngozi na macho. Mnyaa ukiwa ua wa nyumba, hakikisha matawi yaliyokatwa hayabaki chini. Lile ua la Krismasi lenye majani mekundu ni la jamii hii pia, ila sifa yake ya kuua imetiwa chumvi. Humwasha mdomo na kumtapisha kidogo.

Masharti ya kubaki nayo ni matatu, na yote yatimizwe:

- Mmea uwe kwenye chumba ambacho paka haingii kabisa, au uning'inie darini mbali na kila kitu anachoweza kurukia.
- Majani yanayokauka na kudondoka yaokotwe kila siku.
- Paka wako awe mkubwa asiye na tabia ya kutafuna. Kwa paka mtoto, ambaye hujaribu kila kitu kwa meno, fungu la pili lihesabu kama la kwanza hadi avuke mwaka mmoja.

## Fungu la tatu: yasiyo na neno

Hapa ndipo pa kutumia pesa zako. Mimea hii haina sumu kwa paka, ingawa akila majani mengi ya aina yoyote anaweza kutapika.

- Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo asili yake ni misitu ya huku kwetu, ikiwamo milima ya Usambara. Linastawi dirishani bila jua kali.
- Chlorophytum comosum, wenye majani membamba yenye mstari mweupe, unaoning'iniza vitoto. Paka wanaupenda mno, kwa hiyo uning'inize ili upone mmea wenyewe.
- Areka, Dypsis lutescens, mfano wa mnazi mwembamba wenye mashina ya manjano. Huu unafaa kuchukua nafasi ya mtapo.
- Kangaga wa Boston, Nephrolepis exaltata. Usiuchanganye na Asparagus setaceus, ule wenye majani laini kama nywele unaowekwa kwenye mashada. Matunda yake yana sumu.
- Haworthia na Echeveria, badala ya alovera na kalanchoe.
- Calathea na Maranta, kwa anayetaka majani makubwa yenye michoro badala ya Dieffenbachia.
- Okidi ya Phalaenopsis, badala ya lili mezani.
- Waridi, ukiondoa miiba. Yasmini ya kweli ya jamii ya Jasminum. Rihani ya varandani.

Ukienda kununua, usimwulize muuzaji "Huu una sumu?" Atajibu anachodhani unataka kusikia. Mwulize jina, upige picha, utafute mwenyewe kabla ya kulipa. Hakuna chungu kitakachokimbia.

## "Nitauweka juu tu"

Hili ndilo jibu tunalolipata kila tunapomwambia mtu autoe mmea. Paka mzima huruka mara kadhaa ya urefu wake. Kabati, friji, kichwa cha dirisha, fimbo ya pazia, vyote ni njia. Tena mmea ulio juu hudondosha majani, na sumu inamfuata paka chini.

Mbinu nyingine zinazoshindwa:

- Kumpiga au kumfokea. Atajifunza kutafuna ukiwa haupo.
- Kunyunyiza pilipili. Ataishika kwa kucha, ajipake machoni. Umeongeza tatizo la pili.
- Mafuta makali yenye harufu, kama ya mkaratusi. Haya yenyewe ni sumu kwa paka, hata yakiwa ya asili.
- Mabaki ya kahawa kwenye udongo. Kafeini ni sumu kwake.

Kinachosaidia ni kuondoa mmea, kisha kumpa paka kitu chake cha kutafuna.

## Mpe majani yake

Paka hula majani kwa asili yake. Wa nje anachagua nyasi. Wa ghorofani hana nyasi, ana Dieffenbachia. Mwoteshee.

1. Nunua ngano au shayiri nzima ya kula, kutoka soko la nafaka. Usitumie mbegu za kupanda kutoka duka la pembejeo. Nyingi zimepakwa dawa ya ukungu na wadudu, na utaziona zina rangi ya waridi, kijani au bluu.
2. Loweka usiku mmoja kwenye maji safi.
3. Tandaza kwenye chombo kifupi chenye udongo, funika kwa udongo kidogo, mwagilia.
4. Zikifikia sentimita 10 hivi, mpe. Chombo kiwe kizito kisipinduke.
5. Zikianza kuwa njano au kuota ukungu, tupa. Anzisha chombo cha pili wiki moja baada ya cha kwanza ili asikose.

Msomaji wa bara atauliza: mtama je, tunao tele? Hapana. Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, na wafugaji wa ng'ombe wanaijua vizuri hatari hiyo.

## Udongo, mbolea na dawa

Mmea unaweza kuwa salama, chungu kisiwe salama.

- Dawa ya konokono ya vidonge huua paka haraka, kwa degedege. Usiitumie nyumbani kabisa.
- Ukipuliza dawa ya wadudu, hata ya mwarobaini, toa mmea nje na usiurudishe hadi ukauke kabisa.
- Unga wa mifupa na mbolea ya samaki humvuta paka kwa harufu. Tumia mboji iliyoiva.
- Akigeuza chungu choo, funika udongo kwa kokoto kubwa asizoweza kufukua, na uongeze sanduku lake la mchanga.
- Sahani ya chini ya chungu imwagwe. Maji yake yana mbolea, na paka huyapenda kuliko ya bakuli.

## Maua ya wageni

Mgeni amekuja na shada, na katikati kuna lili mbili. Hufukuzi mgeni wala hukatai zawadi. Pokea, shukuru, kisha:

- Lipeleke shada moja kwa moja mahali paka asipofika, nje ikiwezekana.
- Usizing'oe lili ukadhani yaliyobaki ni salama. Chavua imeshapaka waridi za jirani.
- Mpe jirani asiye na paka, au kama ni la mgonjwa, liache hospitali.
- Nawa mikono, kung'uta nguo, futa meza kwa kitambaa chenye maji.

Kwa marafiki wa karibu sema mapema tu, hakuna atakayeona vibaya: "Tuna paka, lili zinamuua, tuletee waridi." Ukiagiza shada, mwambie mtengenezaji hivyohivyo. Alstroemeria, ambayo hufanana kidogo na lili, humsumbua paka tumbo tu na haigusi figo.

## Ametafuna: fanya hivi

1. Mtenge na mmea. Toa kipande kilicho mdomoni kama anakubali. Asipokubali, usilazimishe, ataumiza mkono wako na kumeza.
2. Futa manyoya. Kama ana chavua au utomvu, mfunge taulo asijilambe, mfute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Chavua nyingi mwogeshe.
3. Andika saa. Saa uliyomwona, kiasi ulichodhani amekula, na uzito wake.
4. Chukua ushahidi. Tia tawi la mmea kwenye mfuko wa plastiki, na picha yenye jina. Kama ametapika, kusanya kidogo.
5. Piga simu kwa daktari wa mifugo ukiwa njiani. Kwa mmea wa fungu la kwanza usisubiri dalili. Kwa fungu la pili, piga simu na umwangalie: akikosa pumzi, akitapika bila kukoma, akiyumba au akilala bila kuamka, nenda.
6. Msafirishe ndani ya kitu. Kikapu chenye mfuniko au boksi lenye matundu. Usimpakate kwenye bodaboda. Paka mwenye maumivu akisikia honi ataruka barabarani.

Daktari anaweza kumtapisha kwa dawa, kumpa mkaa wa hospitali, kumwekea dripu kwa siku mbili tatu, na kupima damu kuona figo na ini. Kama ni lili na zahanati haiwezi kumlaza, omba apewe maji chini ya ngozi huku ukitafuta pengine. Haitoshi, ila ni bora kuliko kurudi nyumbani.

## Usifanye haya

- Usimpe maziwa kama dawa ya sumu. Hayazuii sumu ya lili, mtapo wala oleanda, na paka wengi wakubwa yanawaharisha, hivyo wanazidi kupoteza maji.
- Usimtapishe kwa chumvi, mafuta, sabuni au kidole. Chumvi yenyewe ni sumu, na mafuta yakipita njia ya hewa yanaleta nimonia.
- Usisage mkaa wa jikoni. Mkaa wa hospitali umetengenezwa kwa namna nyingine kabisa.
- Usimpe parasetamoli kutuliza maumivu. Kidonge kimoja cha kawaida kinaweza kumuua paka.
- Usilale ukisema "tuone kesho." Kwa lili, usiku huo ndio muda wenyewe wa kumwokoa.

## Mtafute daktari leo

Madaktari wengi wa mifugo wa kwetu kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Wanajua kazi, ila huenda hawana sindano ndogo za mishipa ya paka wala mahali pa kumlaza. Piga simu sasa, paka akiwa mzima, uulize:

- Je, mnatibu paka, na mnaweza kumwekea dripu?
- Je, mnamlaza usiku?
- Je, mnapima figo hapohapo?
- Saa za usiku na sikukuu napiga namba gani?

Ukiwa karibu na Morogoro, Kabete au Kampala, ulizia pia huduma za wanyama wadogo katika vyuo vinavyofundisha tiba ya mifugo: Sokoine, Nairobi na Makerere. Namba utakayoipata ibandike kwenye friji, na uiweke kwenye simu ya dada wa nyumbani na ya mtoto mkubwa. Wao ndio wanaokuwepo saa nne asubuhi wewe ukiwa kazini.

## Maswali yanayobaki

"Paka wa mtaani wanakula majani miaka yote, mbona hawafi?" Wa mtaani ana nyasi za kuchagua, na akifa kichakani hakuna anayejua kilichomuua. Wa ndani ana vyungu vyako tu.

"Nimepanga, na ua wa mwenye nyumba ni oleanda." Hutaweza kuung'oa. Weka wavu kwenye madirisha na varanda, paka abaki ndani, na siku ya kupogoa kusanya matawi yote.

"Mmea huu nimeachiwa na mama, siwezi kuutupa." Usiutupe. Upeleke kwa ndugu asiye na paka, au ofisini. Uende kuutembelea.

"Paka wangu ana miaka kumi na hajawahi kugusa jani." Huenda hatagusa. Lakini kwa lili, kugusa si lazima kuwe kula. Kupita chini ya shada kunatosha. Fungu la kwanza litoke hata kwake.

## Fanya kabla ya kulala

- Kagua kama kuna lili yoyote ndani, mbichi au iliyokauka kwenye shada la zamani. Itoke usiku huu.
- Piga picha za mimea isiyo na jina, uitoe nje kwa sasa.
- Hifadhi namba ya daktari.
- Loweka ngano.

Mengine yatangoja mwisho wa wiki. Lili haingoji.